Kolwezi: Moto ukikatika, mtu wa mbele ya ekrani anaona nini?

Kila mkaaji wa Dilala na Manika anaijua ile saa. Frigo inanyamaza, televizyo inazimika katikati ya habari, kiisha jenereta za madukani zinaanza kulia moja nyuma ya ingine. Watu wanauliza swali moja tu: SNEL wamekata sababu gani? Jibu la haraka ni delestaji, umeme hautoshi. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ingine iko ndani ya vyumba ambavyo raia wengi hawajaingia hata siku moja. Mule watu wachache wanakaa usiku na mchana mbele ya ekrani, wanaangalia mistari, namba na taa ndogondogo, na siku ya matatizo wanapaswa kuamua kwa dakika chache nani abaki na umeme na nani aingie gizani.

Mazungumzo yote ya Lualaba juu ya umeme siku hizi ni ya megawati. Turbini namba 5 ya Inga II, megawati 178, ambayo imefanywa upya kwa feza za Kamoa. Barraji ya Busanga ya upande wa Sicomines, megawati 240. Mitambo ya jua na betri ambayo kampuni za migodi zimeanza kuweka ili zisitegemee SNEL peke yake. Mawaziri wakifika, wanahesabu megawati. Wakubwa wa kampuni wakihojiwa, wanahesabu megawati. Juu ya yule mtu anayekaa mbele ya ekrani hakuna anayesema kitu, kama vile mashine hizi zote zinajiongoza zenyewe.

Na kila megawati mpya inayoingia inamwongezea yeye kazi.

Waya mmoja wa kilometa 1,700

Ili kuelewa, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Umeme wa Kolwezi unatoka fasi mbili kubwa. Kuna barraji za karibu, juu ya mto Lualaba wenyewe: Nzilo na Nseke, zote zilijengwa katika miaka ya 1950 wakati wa Union Minière. Na kuna umeme wa mbali, wa Inga, unaokuja kwa njia ya ile laini inayojulikana kama Inga-Shaba ao Inga-Kolwezi. Laini hiyo ilianza kazi mwaka 1982. Urefu wake ni kilometa karibu 1,700, na kwa miaka mingi hakukuwa na laini ndefu zaidi ya hiyo duniani. Inabeba umeme wa aina ya mkondo moja kwa moja, kwa nguvu ya volti 500,000. Kule Inga kuna kituo kinachobadilisha umeme wa turbini kuwa wa aina hiyo, na hapa Kolwezi kuna kingine kinachourudisha kuwa umeme wa kawaida wa kuingia luzini na nyumbani.

Ndiyo sababu vijiji vingi vya Kwilu na vya Kasai vinaangalia nguzo za chuma zikipita juu ya mashamba yao, na usiku vinawasha koroboi. Umeme wa aina hiyo hauchotwi njiani kwa urahisi. Ni kilio cha zamani, na wenye kulia wana haki.

Laini ilijengwa kubeba megawati 560. Vituo vyake viwili vilizeeka, na katika miaka ya 2010 kampuni ABB ilivifanyia kazi ya upya, pamoja na mitambo ya kuviongoza. Watu wengi walihesabu vyuma vilivyobadilishwa. Lakini mtambo wa kuongoza ukibadilika, kazi ya mtu nayo inabadilika. Anachokiona asubuhi akifika kazini si kile alichozoea kwa miaka 20.

Kazi yenyewe ni ya namna gani? Mfano wa karibu ni kijana anayesukuma baiskeli ya makala akitokea porini kuingia mjini, mifuko minne nyuma. Tuseme amewekewa sharti moja gumu: mwendo wake usibadilike hata kidogo, mlima ama mteremko. Mlima ukianza, lazima asukume zaidi wakati uleule. Mteremko ukianza, lazima ashike nyuma wakati uleule. Akichelewa, baiskeli inaanguka na makala yote inamwagika barabarani. Umeme uko hivyohivyo. Mlima ni mahitaji ya watu na ya migodi, miguu ya kijana ni turbini, na ule mwendo ni kile wahandisi wanaita frekansi, ambayo hapa Kongo ni mizunguko 50 kwa sekunde. Umeme unaotumiwa na umeme unaotengenezwa lazima vilingane kila sekunde. Hakuna depo ya kuweka mabaki, isipokuwa betri, na hizo bado ni chache.

Sasa tuseme wanasukuma vijana wawili, mmoja ni barraji za Lualaba na mwingine ni laini ya Inga. Radi inapiga laini kule Kasai, ao kifaa kinaharibika kituoni. Yule wa pili anaachilia mikono katikati ya mlima. Yule wa kwanza hawezi peke yake. Kwa hiyo kuna vifaa ambavyo haraka sana, bila kuuliza mtu, vinatupa mfuko mmoja chini, kiisha wa pili, ili baiskeli isianguke. Ule mfuko ni kartiye nzima. Ni luzini. Ni pompi za REGIDESO. Hii si delestaji ya kupanga, ile ya leo kwenu kesho kwetu. Ni ya kuokoa baiskeli.

Mpaka hapo mtu hajafanya kitu. Kazi yake inaanza dakika ya pili, wakati simu zote zinalia pamoja: migodi, Kinshasa, jirani wa Zambia ambaye laini zake zimeungana na za Katanga, hospitali. Na ekrani imejaa.

Ukuta na tundu la funguo

Wazee waliofanya kazi Gécamines ao kwenye barraji wanakumbuka vyumba vya zamani. Kulikuwa na ukuta mzima uliochorwa ramani ya mtambo: laini, transfo, turbini, kila kimoja na taa yake na mshale wake. Mtu alisimama katikati akaona yote kwa jicho moja. Taa ya pembeni ikiwaka, alijua fasi yake bila kusoma, kama vile mama anajua sufuria gani inachemka kwa kusikia mlio wake. Mwenzake akitembea kwenda upande fulani wa ukuta, yeye aliona tayari ni wapi kuna shida.

Ukuta huo ulikuwa na matatizo yake. Taa ziliungua, mishale ilikwama, vipuli havikupatikana tena. Kompyuta ilipoingia ilileta mambo mengi mazuri: kumbukumbu, hesabu, uwezo wa kuongoza kifaa kilicho mbali kilometa mia. Lakini ekrani ni ndogo kuliko ukuta. Kile kilichokuwa ramani moja kimekatwa vipande mia moja, na mtu anafungua kipande kimoja kimoja kwa kubonyeza. Ni sawa na kuangalia nyumba kupitia tundu la funguo. Unaona kiti vizuri sana. Huoni kwamba jiko linawaka moto.

Wanaochunguza ajali za viwandani duniani wameandika juu ya tundu hili mara nyingi. Mfano unaofundisha zaidi, na unaofaa Lualaba yenye maluzini ya asidi na ya kuyeyusha shaba, ni wa Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005. Kwenye luzini ya mafuta ya BP, wafanyakazi walikuwa wanajaza mnara mmoja. Mafuta yaliingia kwa saa nyingi bila kutoka. Ekrani moja ilionyesha kinachoingia, na ekrani ingine ilionyesha kinachotoka. Hakuna ekrani iliyoviweka viwili pamoja na kusema: yaliyoingia ni mengi, yaliyotoka ni sufuri, kwa hiyo mnara umejaa. Na kipimo cha kimo kilikuwa kimeharibika, kikaonyesha mafuta yanashuka pole pole wakati yalikuwa yamepita kipimo mbali. Mnara ulifurika, mvuke ukashika moto, watu 15 walikufa.

Namba zote mbili zilikuwa ndani ya kompyuta. Kutoa moja kwenye ingine ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Lakini mtu mmoja, amechoka, siku nyingi bila kupumzika, alitakiwa kuifanya kichwani akiwa na mambo mengine kumi. Kusema kwamba alizembea ni rahisi. Wachunguzi hawakuishia hapo.

Taa inayosema uongo

Kuna ajali nyingine ya zamani zaidi, ya tarehe 28 Machi 1979, kule Three Mile Island, kwenye kiwanda cha umeme wa nyuklia. Robine moja kubwa ilifunguka kupunguza msukumo, kiisha ikakwama bila kufunga. Mbele ya waendeshaji kulikuwa na taa. Taa ilizimika, nao wakaelewa kwamba robine imefunga. Lakini taa ile haikupima robine. Ilipima tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Amri ilitumwa kweli. Robine haikutii. Kwa saa mbili na zaidi maji ya kupoza yalitoroka, watu wakiangalia taa inayosema mambo iko sawa. Juu ya hapo, alarmi zaidi ya mia moja zililia pamoja, na mashine ya kuchapa habari za alarmi ikachelewa nyuma ya matukio.

Tofauti ya "nimetuma amri" na "jambo limefanyika" inajulikana na kila mtu aliyewahi kutuma feza kwa simu. Ujumbe unasema imetumwa, na ndugu kule Likasi anasema hajapata. Mtu wa kawaida anapiga simu kuuliza. Kwenye ekrani nyingi za viwanda, alama moja tu inatumika kwa mambo yote mawili, na hakuna wa kupigia.

Mbaya zaidi ni ekrani inayonyamaza. Tarehe 14 Agosti 2003, katika jimbo la Ohio, programu ya alarmi ya kampuni ya umeme FirstEnergy ilikufa bila kutoa sauti. Ekrani zilibaki zinawaka, nzuri kabisa, bila alarmi yoyote, na waendeshaji wakadhani siku ni ya utulivu. Nje, laini zilipata joto, zikalegea, zikagusa miti, moja nyuma ya ingine. Watu wa pembeni walipiga simu kuuliza kama kuna shida, wakaambiwa hakuna shida. Kabla ya jua kuzama, watu karibu milioni 50 wa Marekani na Kanada walikuwa gizani.

Karibu zaidi na hapa, Kenya, tarehe 7 Juni 2016, tumbili alianguka juu ya transfo kwenye kituo cha Gitaru. Transfo ilikata, mashine nyingine zikalemewa, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima ikaingia giza. Watu walicheka sana, na tumbili mwenyewe alipona. Lakini ile habari inaonyesha kwamba kitu kidogo fasi moja kinafika nchi nzima kwa muda mfupi sana, na mtu wa mbele ya ekrani hana wakati wa kufungua kurasa mia moja akitafuta tumbili.

Alarmi mia tatu ni sawa na hakuna alarmi

Kati ya mambo yote, la alarmi ndilo linastahili kusikilizwa na wakubwa wa Lualaba, kwa sababu dawa yake haina bei kubwa. Zamani kuweka alarmi moja kulihitaji taa, waya na mtu wa kutoboa ukuta. Kwa hiyo walifikiri kwanza. Kwenye kompyuta alarmi ni ya bure. Kila muuzaji wa mashine anaweka za kwake, kila mhandisi anaongeza moja "kwa usalama," na hakuna anayeondoa. Kiisha siku ya shida zote zinalia.

Kule Milford Haven, Uingereza, tarehe 24 Julai 1994, radi ilivuruga luzini ya mafuta ya Texaco. Katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, waendeshaji wawili walipokea alarmi 275. Hesabu yake ni alarmi moja kila sekunde mbili na nusu. Mtu hawezi kusoma hata jina lake. Wanachofanya watu wote duniani katika hali hiyo ni kimoja: wanabonyeza kitufe cha kunyamazisha, wananyamazisha tena, mpaka wanyamazishe ile moja ya kweli.

Baada ya ajali hiyo na nyingine, wataalamu wa Uingereza walitoa mwongozo unaoitwa EEMUA 191, mwaka 1999. Unasema siku ya kawaida mwendeshaji asipate zaidi ya alarmi moja kwa kila dakika 10, na katika dakika 10 za kwanza za msukosuko zisizidi 10. Na kila alarmi iwe na jibu la swali hili: nikiiona nifanye nini? Kama hakuna cha kufanya, ile si alarmi, ni habari tu, iende kwenye daftari. Kampuni yoyote ya Kolwezi inaweza kuhesabu alarmi zake za mwezi uliopita bila kununua hata kompyuta moja. Namba hiyo ingeeleza juu ya usalama wa wafanyakazi zaidi ya mabango yote ya "siku bila ajali" yaliyo langoni.

Nyekundu ya nani?

Kuna shida ingine ambayo ni ya Lualaba hasa. Migodi ya hapa ni ya watu wengi: Glencore ya Uswisi kwa KCC, CMOC ya China kwa Tenke Fungurume, Zijin ya China kwa COMMUS, ERG kwa Metalkol, Ivanhoe ya Kanada pamoja na Zijin kwa Kamoa-Kakula, na Gécamines iko pembeni ya wengi. Mashine zimetoka pande zote za dunia, na ekrani nazo.

Dereva wa Kolwezi anajua nyekundu ni simama na kijani ni pita. Kwenye viwanda vingi vya Ulaya, kijani ni kazi inaenda vizuri na nyekundu ni hatari. Lakini kwenye umeme wa Marekani, na wa China pia, desturi ni kwamba nyekundu inaonyesha swichi imefungwa, kwa maana umeme unapita, na kijani inaonyesha swichi iko wazi, umeme umekatwa. Kila desturi ina akili yake. Fundi wa umeme anasema nyekundu maana usiguse, kuna moto. Mtu wa luzini anasema kijani maana pompi inazunguka. Hakuna anayekosea, ila wakikaa kwenye chumba kimoja. Kijana aliyefanya miaka mitano kwenye kampuni moja anaandikwa kwenye ingine, na anachukua nyekundu yake anaenda nayo. Mchana, wakati wa utulivu, anakumbuka. Saa tisa ya usiku, alarmi zikilia, mkono unakwenda wenyewe kule ulikozoea.

Pia wanaume wengine hawaoni vizuri tofauti ya nyekundu na kijani, wamezaliwa hivyo, na wengi wao hawajui. Ndiyo sababu mwongozo wa ISA-101 wa Marekani, wa mwaka 2015, unataka rangi isibebe habari peke yake: kuwe na umbo pia, ao herufi. Unapendekeza pia ekrani yenyewe iwe ya kijivu, kimya, na rangi kali zibaki kwa hatari tu. Wauzaji hawapendi sana ekrani hizo, kwa sababu siku ya kuonyesha mtambo kwa wakubwa zinaonekana maskini. Wakubwa wanapenda mitungi inayong'aa na moto unaocheza. Mtu wa kazi ya usiku hana haja na moto unaocheza.

Kiisha kuna lugha. Kifaransa ni lugha ya serikali, na ndiyo ya shule. Watu wa zamu wakiongea kati yao, hasa wakiwa na haraka, wanaongea Kiswahili. Mtambo mwingine unakuja na maneno ya Kiingereza, mwingine wa Kichina, na tafsiri ambayo haikuonyeshwa kwa fundi hata mmoja wa hapa. Neno likiwa halieleweki, watu wanajifunza kitufe kwa fasi yake: cha tatu kutoka juu. Hiyo inafanya kazi mpaka siku ile programu inabadilishwa na cha tatu kinakuwa cha nne.

Maji yanapanda kwa saa ngapi?

Ekrani nzuri basi ni ya namna gani? Kati ya watu waliofikiria sana jambo hili ni Jens Rasmussen, mhandisi wa Denmark aliyefanya kazi kwenye kituo cha Risø, na mwenzake Kim Vicente wa Kanada. Mwaka 1992 waliandika kwamba ekrani isimwonyeshe mtu vifaa peke yake. Imwonyeshe mipaka ya mtambo: nguvu inayoingia na inayotoka, nafasi iliyobaki kabla ya kufika ukingoni. Sababu yao ni kwamba ajali kubwa ni zile ambazo hakuna aliyezitabiri. Kitabu cha maagizo hakizijui. Siku hiyo mtu anabaki na akili yake, na ekrani lazima iisaidie akili hiyo.

Kwa Lualaba mfano uko karibu. Mwezi wa Mei 2025, mitikisiko ya ardhi ilisimamisha kazi chini ya mgodi wa Kakula, na maji yakapanda mule ndani. Kutoa maji kulichukua miezi. Kila mgodi wa chini ya ardhi katika eneo hili unapigana na maji kila siku, na silaha ni pompi, na pompi inakula umeme. Hapo umeme na maji vinakuwa kitu kimoja. Ekrani ikisema kimo cha maji ni mita tatu, imesema kweli. Ikisema kwa mwendo huu pompi zitafunikwa baada ya saa nne, imesaidia. Ikiongeza kwamba SNEL inaweza kurudisha umeme baada ya saa mbili na jenereta ina mafuta ya saa tatu, mtu anaweza kuamua: nitoe watu sasa, ao ningoje? Habari zote hizo zipo tayari, lakini mara nyingi ziko kwenye ekrani tatu tofauti, na moja ya hizo ni simu ya mkononi ya mtu wa zamu.

Luzini mpya ya kuyeyusha shaba ya Kamoa, yenye ukubwa wa tani 500,000 kwa mwaka na iliyowashwa mwisho wa 2025, imepewa mtambo wa akiba wa megawati 60 ili kukatika kidogo kwa umeme kusiizimishe. Ni jambo la akili. Lakini linaonyesha mwelekeo: kila mkubwa anajikinga ndani ya ua wake. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na tangu hapo wenye kutengeneza umeme wanaongezeka. Kila mmoja ana chumba chake, ekrani yake, rangi zake. Mtambo wa jua ukifunikwa na wingu, mgodi wake unavuta ghafla kwenye laini ya SNEL, na mtu wa SNEL anaona mlima umeanza bila kujua sababu. Ripoti ya Marekani na Kanada juu ya giza la 2003 ililaumu jambo hilohilo: majirani walikuwa wanaangalia vipande vya mtambo mmoja, na hakuna aliyeona wote.

ARE, ile mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme iliyotokana na sheria hiyo ya 2014, inaongea mara nyingi juu ya bei na leseni. Inaweza pia kudai kwamba yeyote anayeunganisha mtambo wake na laini ya taifa aonyeshe kwa dispachingi mambo matatu ao mane kwa wakati uleule: anatoa ngapi, anavuta ngapi, akiba yake ni ngapi, na imebaki ya muda gani. Hilo halihitaji turbini. Linahitaji waya ya mawasiliano, mapatano juu ya maana ya rangi, na watu wa zamu kuitwa mezani kabla ya ekrani kuchorwa. Jambo hilo la mwisho ndilo linasahauliwa zaidi. Mitambo inachorwa ng'ambo, inafika ndani ya kontena, na mwendeshaji anaitwa siku ya mwisho kwa mafunzo ya wiki mbili. Angeitwa mwanzoni, angesema kwa dakika tano kwamba kitufe cha kuanzisha pompi hakipaswi kukaa pembeni ya kile cha kuizima. Jimbo lina Université ya Kolwezi na shule za ufundi, na vijana wanamaliza kila mwaka. Mchoraji wa ekrani hahitaji mtaji wa barraji. Anahitaji kompyuta, na ruhusa ya kukaa usiku mzima nyuma ya mwendeshaji akiangalia macho yake yanakwenda wapi.

Nyumbani nako kuna swichi

Kuna sehemu moja ya mtambo ambayo hakuna ekrani inayoionyesha: nyumba za watu. Umeme ukikatika saa kumi na mbili ya jioni, reshau inabaki imewashwa, fer ya kunyooshea imebaki ukutani, frigo zote zinapata joto. Umeme ukirudi, vyote vinavuta pamoja, kwa sekunde ileile, zaidi ya vile vilivyokuwa vinavuta kabla ya kukatika. Kabini ya kartiye, ambayo tayari ina wateja wengi kuliko ilivyojengewa, inalemewa na inakata tena, ao inaungua kabisa. Watu wanasema SNEL wanacheza na swichi. Mara nyingine mtu wa SNEL amerudisha umeme kweli, ameona mstari umepanda kama ukuta, na kinga imekata kabla hajatoa mkono kwenye mausi. Kwake ni mstari mmoja tu. Haoni reshau, wala haoni kama katika mstari ule kuna maternite.

Kwa hiyo wahandisi wanarudisha umeme kidogo kidogo, fasi moja kwanza, kiisha ingine. Kule Kasulo wanaona upande wa Biashara kuna taa, kwao bado, na wanaamini ni upendeleo. Mara nyingine pengine ni upendeleo kweli. Lakini bila tangazo lolote hakuna namna ya kutofautisha, na ujumbe mmoja wa simu ao wa redio kuonyesha kwamba Biashara ni saa moja, Kasulo ni saa moja na nusu, zimeni reshau mpaka frigo ianze, ungekuwa pia ekrani, ile ndogo kuliko zote, iliyo mbele ya waendeshaji laki kadhaa wanaongoja gizani na mkono juu ya swichi.